Acheni mashine zifunguke

Mashine ya gemu ya Kijapani ikifika mezani kwangu, kitu cha kwanza ninachowasha ni redio. Nina redio ndogo ya betri, antena yake imepinda, nayo ndiyo kipimo changu cha awali. Naipa mashine umeme, natia kaseti, kisha naizungusha FM polepole kuelekea 95.75. Kama mashine ina uhai, muziki wa gemu unasikika hapo, mwembamba na wenye mikwaruzo. Usiposikika nasogea hadi 101.75, maana nyuma ya mashine kuna swichi ya chaneli mbili, na huwezi kujua mtumiaji wa mwisho aliiacha wapi. Vijana wanaoniona kwa mara ya kwanza hudhani mzee amechanganyikiwa.

Maelezo yake ni mepesi. Famicom ya Nintendo haikuwa na tundu la video kama deki. Ilipeleka picha na sauti kwa waya wa antena, katika chaneli ya 1 au ya 2 ya televisheni ya Japani, na chaneli hizo zinaangukia palepale ambapo sisi tumeweka redio za FM. Mwenye gari lililotumika kutoka Japani analijua jambo hili kwa upande wa pili: redio ya gari inaishia 90, na stesheni nyingi za nyumbani haizishiki mpaka fundi aifungie kifaa cha kuhamisha masafa. Basi televisheni zetu nyingi hazikuipata Famicom kabisa, na zilizoipata zilileta picha bila sauti. Mtu akaisukumia mashine uvunguni kwa kuiona mbovu, kumbe ilikuwa inaimba kwenye redio ya jirani.

Mimi ni fundi redio, Ngamiani, Tanga. Nilianza na redio za mkulima, nikaja kwenye deki na TV za chogo, na gemu zikaingia mlangoni zenyewe. Siku hizi, kila ninapokaa na mashine mpya isiyotaka kufunguliwa, narudi kuzitazama hizi za zamani na kujiuliza nani aliamua kwamba tulikosea kutengeneza vitu vinavyofunguka. Hilo ndilo ninaloliandikia leo, na halimhusu mcheza gemu peke yake.

Famicom ilitoka Japani tarehe 15 Julai 1983, kwa yen 14,800. Masayuki Uemura, mhandisi aliyeongoza uundaji wake, alifariki Desemba 2021. Nintendo waliacha kuitengeneza mwaka 2003, na mwishoni mwa Oktoba 2007 wakaacha kuipokea kwa matengenezo kwa sababu vipuri vilikuwa vimeadimika. Sony nao walifunga dirisha la matengenezo ya PlayStation 2 huko kwao mwaka 2018. Kwa maneno mengine, kila mashine ya aina hizo iliyo hai leo inaishi kwa mkono wa mtu ambaye kampuni haimjui.

Huku kwetu zilichelewa kufika, na sababu ni televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Bara tulisubiri hadi 1994. Huwezi kununua mashine ya gemu kama huna pa kuichomeka. Televisheni zilipoenea, gemu zikaja nazo, nyingine kwenye masanduku ya mashangazi na wajomba waliotoka Maskati na Dubai, nyingine kutoka Kariakoo. Nyingi hazikuwa Famicom. Zilikuwa nakala za Taiwan na China, na kaseti zake ziliandikwa kwamba zina gemu 9,999,999 ndani. Ukianza kuhesabu unakuta gemu chache tu zimebadilishwa majina na rangi, zikarudiwa mpaka namba ikatosha. Mtoto wa Ngamiani alijifunza hapo kwamba maandishi ya kwenye boksi hayasomwi kama Msahafu.

Nakala za mwanzo zilikuwa nzuri kwa fundi. Ukiifungua unakuta chipu mbili ndefu za miguu arobaini, zimeandikwa UMC. Moja inafikiri, nyingine inachora picha. Pembeni kuna kumbukumbu ya kilobaiti 2 kwa kila moja, na ile inayofikiri inakwenda kwa mwendo usiofika megahezi 2. Unaweza kufuata njia ya umeme kwa kidole kutoka tundu la adapta mpaka kwenye waya wa TV. Nimewafundisha vijana kadhaa kusoma bodi kwa mashine hizo, na wengine leo wanatengeneza mashine za hospitali. Bodi ya simu ya kisasa haimfundishi mtu wa kuanza chochote. Vipuri vyake havionekani vizuri bila hadubini.

Lakini nisizisifie zote. Nakala za baadaye, ili ziwe rahisi zaidi, zilizika kila kitu chini ya tone moja la gundi nyeusi iliyoganda. Boksi lina skrubu nne za kawaida, unafungua kwa dakika moja, na ndani huna la kufanya. Tone likifa, mashine imekufa. Kwa hiyo uzee wa kitu si sifa. Kuna vya zamani vilivyofungwa kuliko vya leo.

Nirudi mezani, maana watu hupenda kujua magonjwa yenyewe. Kubwa ni umeme. Adapta ya Kijapani ni ya volti 100 na ukuta wetu ni 230. Wengi huniletea mashine "iliyokufa" ambayo haina ubaya; kilichokufa ni adapta, na ilikufa sekunde ileile ilipochomekwa. Mwenye nayo hukimbilia adapta ya mtaani, akaangalia volti tu. Famicom inataka hasi katikati ya kichwa cha waya na chanya ukingoni, na adapta nyingi za dukani ziko kinyume. Ndiyo maana nawaambia wateja waniletee adapta ya zamani hata kama imeungua na kunuka. Kuna mchoro mdogo mgongoni mwake, duara na alama mbili, unaoniambia kila ninachohitaji.

Ndani, umeme unapita kwenye rejuleta iitwayo 7805, kitu cha miguu mitatu chenye kazi moja: kutoa volti 5. Unaipa 10, inatoa 5, na zilizobaki inazigeuza joto, ndiyo sababu imefungiwa bati. Kipimo cha kwanza cha mita ni hapo. Ikitoa volti tatu na nusu, usiguse kitu kingine mpaka uijue sababu. Kipuri hicho kinauzwa hadi leo katika kila duka la vipuri vya redio, kwa bei ya soda. Wahandisi wa Nintendo walikitumia kilekile kilichotumiwa na kila mtu, na kwa uamuzi huo mdogo mashine yao imepata dawa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Joto hilo huleta wageni. Mende wa pwani wanaipenda rejuleta. Nimetoa mashineni mayai ya mende, mjusi aliyekauka, na mara moja hirizi, ambayo niliirudisha palepale bila kuuliza.

Halafu kuna hewa yetu. Chumvi ya bahari inakula shaba ya kaseti na meno ya kichomekeo, na hapo ndipo tunapofika kwenye kupuliza. Watoto wa dunia nzima walipuliza kaseti, bila kuambizana. Walidhani wanatoa vumbi. Kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha. Meno yanasugua shaba mara nyingine, yanapata mahali pengine pa kugusa, na gemu linawaka. Pumzi yenyewe inaacha unyevu, na unyevu unaleta kutu. Nintendo wenyewe walionya watu wasipulize. Mimi natumia spiriti na pamba ya masikio. Ikishindikana, ufutio wa penseli kwa mkono mwepesi sana, maana ule utando wa dhahabu ni mwembamba na ukiusugua kwa hasira hautarudi, kisha spiriti tena.

Kapasita ni mjadala. Zile za umbo la kopo zina majimaji ndani, na kwa miaka yanakauka au kuvuja. Picha inaanza kuwa na mawimbi, sauti inavuma chini kwa chini. Kuna mtindo umeingia, hasa kwa wanaojifunza kwa video, wa kubadilisha kapasita zote siku ya kwanza, nzima na mbovu, kama ibada. Sikubaliani nao. Kila unapotia chuma cha moto kwenye bodi ya mwaka 1983 unahatarisha njia za shaba kunyanyuka, na kapasita mpya ya bei rahisi inaweza kufa kabla ya ile ya Kijapani uliyoing'oa. Pima, badilisha iliyoshindwa, funga. Na ile rangi ya njano ya plastiki iacheni. Inatokana na kemikali za kuzuia moto zinapopigwa na mwanga kwa miaka. Watu huiondoa kwa peroksaidi na jua, plastiki ikatoka nyeupe kwa muda na mara nyingine mabakamabaka. Mteja akisisitiza namwelekeza kwa wengine.

Sasa nifike kwenye kufuli.

Nintendo walipoipeleka Famicom Marekani mwaka 1985 waliibadilisha umbo ifanane na deki ya video. Kaseti ikawa inaingia kwa mbele, unaisukuma, kisha unaikandamiza chini, ikumbatiwe na pini 72. Pini zinachoka, hilo ni la kawaida. Lakini waliongeza kitu ambacho Famicom ya Japani haikuwa nacho: chipu ndogo ndani ya mashine na mwenzake ndani ya kila kaseti iliyoidhinishwa. Ukiwasha, zinasemezana. Zisipoelewana, ile ya mashine inaizima mashine na kuiwasha tena, mara moja kila sekunde, taa nyekundu ikipepesa mpaka uchoke.

Nia yake ilikuwa kampuni ndiyo iamue nani atengeneze gemu na kwa masharti gani. Kibiashara naelewa, soko la gemu la Marekani lilikuwa limeporomoka mwaka 1983 kwa sababu ya gemu ovyo zilizojaa madukani. Ila tazama kilichotokea baadaye. Kaseti halali kabisa, iliyonunuliwa kwa risiti, mguso wa pini moja ukilegea tu, chipu mbili hazisikiani na mashine inajizima. Gemu lenyewe lingeweza kuchezeka. Kinachokataa ni mlinzi. Mafundi wanaoshughulika na mashine hizo huinua au kukata mguu wa nne wa chipu hiyo, na mashine inapona. Mwaka 1993 Nintendo wenyewe walitoa toleo dogo, kaseti inaingia kwa juu, na ndani yake ile chipu hawakuiweka. Kufuli likiwekwa kwenye mashine linaishi kuliko biashara lililowekewa, na mwenye ufunguo akishaondoka linabaki kuwa ugonjwa wa mwenye mashine.

Kufuli la pili lilikuwa skrubu. Famicom ilifungwa kwa skrubu ambazo bisibisi ya nyota yoyote inazifungua. Kaseti za Marekani zikaja na skrubu za kichwa cha ajabu, meno yake yako nje, na bisibisi yake ilikuwa ya kampuni. Dawa ya mtaani iligunduliwa na watu wengi sehemu nyingi: unachukua ganda la kalamu ya Bic, unaliyeyusha ncha kwa kiberiti, unalikandamiza juu ya skrubu likiwa laini, unasubiri ligande, unazungusha. Nimezifungua kaseti za mgeni aliyetoka Toronto kwa njia hiyo, naye akaondoka na kalamu ile kama kumbukumbu.

PlayStation ya kwanza, ya Desemba 1994, ilileta magonjwa ya leza. Mashine za mwanzo zilikuwa na reli ya plastiki inayobeba lenzi. Joto na msuguano viliila, lenzi ikalala upande, CD ikaanza kurukaruka. Wachezaji wa nchi mbalimbali wakagundua kwamba ukiigeuza mashine miguu juu, inasoma. Vibanda vya gemu vya hapa navyo vilikuwa na mashine zinazolala chali, na hakuna aliyeshangaa. Kuhusu leza nina ugomvi na baadhi ya mafundi wenzangu. Kwenye kichwa cha leza kuna kirekebishi kidogo kinachozungushwa kwa bisibisi nyembamba. Fundi mwenye haraka anakizungusha kuongeza nguvu, CD inasoma papo hapo, mteja analipa akiwa na furaha. Leza iliyochoka ukiilazimisha hivyo unaimalizia. Kwanza safisha lenzi, toa grisi ya zamani iliyokuwa gundi, tazama reli, tazama mota. Mara nyingi huhitaji kukigusa kile kirekebishi maisha yako yote.

PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 160, na ninaamini sehemu kubwa ya vijana wa miji yetu waliijulia kwenye kibanda chenye TV ya chogo na benchi la mbao, wakilipia mechi mojamoja. Vibanda hivyo viliishi kwa kuchinja. Mashine tatu mbovu zilitoa moja nzima: leza ya hii, pawa ya ile, bodi ya nyingine. Hakuna aliyeomba ruhusa kwa mtu.

Karibuni kijana mmoja mwenye kibanda alinijia na mashine mbili za siku hizi, za aina moja, za kampuni ambayo sitaitaja. Moja bodi yake kuu iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Nyingine ilikuwa haisomi diski. Akaniambia, "Mzee, naona hii kazi ndogo, hamisha tu kisoma diski." Ilikuwa kazi ndogo kweli, kwa mikono. Nilipoiwasha, mashine ikakikataa. Bodi ndogo ya kisoma diski na bodi kuu zimejuana tangu kiwandani. Zimepewa namba za siri zinazolingana, na ukileta mgeni, hata awe mzima na wa aina ileile, hapokelewi. Ubovu ungekuwa kwenye lenzi au mota ningehamisha hivyo tu na kuiacha bodi ndogo ya zamani ikae na mwenzake. Bahati mbaya kilichokufa kwenye ile isiyosoma diski ni bodi ndogo yenyewe. Nikamrudishia mashine mbili zisizocheza diski na kisoma diski kimoja kizima. Akauliza, "Sasa mzee, si zote ni zangu?"

Nilikuwa na jibu la fundi, sikuwa na jibu la swali lake.

Tazameni betri, kitu kidogo kabisa, ile ya duara ya CR2032 iliyo kwenye rimoti za magari. Kaseti za zamani kama The Legend of Zelda za Marekani zilikuwa na betri ya kutunza mahali ulipofika mchezoni. Ikiisha baada ya miaka mingi, unapoteza safari yako. Gemu linaanza mwanzo na linachezeka kama kawaida. Sasa njoo kwenye PlayStation 4. Wachunguzi waligundua kwamba betri ya saa ikifa, na mashine isiweze kuwasiliana na mtandao wa Sony kuthibitisha saa, haichezi hata gemu la diski uliyoishika mkononi. Sony walilirekebisha kimyakimya kwa programu ya toleo la 9.00, Septemba 2021, baada ya wachezaji kupiga kelele. Nawapongeza. Lakini fikiria kama wangekuwa wameshaiacha mashine hiyo, kama walivyoziacha za zamani. Mamilioni ya mashine zingekuwa zinasubiri kifo cha betri ya bei ya maandazi.

Na jambo linaendelea. PlayStation 5 nyembamba iliyotoka Novemba 2023 ina kisoma diski kinachochomolewa na kuuzwa peke yake. Kwa fundi hiyo ni habari njema, nilifurahi kweli nilipoisoma. Kisha nikasoma sharti: kikichomekwa mara ya kwanza lazima mashine iingie mtandaoni ipate kibali. Leo kibali kinatoka. Nani atakitoa mwaka 2060? Nintendo wamekwisha kufunga duka la mtandaoni la Wii, na baadaye la 3DS na Wii U. Seva huzimwa, ni gharama kama gharama nyingine, na mhasibu hana huruma na kumbukumbu za utoto wa mtu.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Kampuni zinasema mlango ukifunguliwa, maharamia ndio watakaoingia. Sitajifanya malaika, kaseti tulizokulia Tanga zilikuwa za wizi mtupu, na mtengenezaji wa Mario hakupata hata senti yetu. Ila naomba wanijibu mawili. Lile kufuli la 1985 halikuzuia nakala kujaa dunia nzima, kutoka Taiwan mpaka Urusi na mpaka kwenye uvungu wa kitanda cha shangazi yangu. Lilimzuia mwenye kaseti halali. Na lenzi iliyokufa ina uhusiano gani na kunakili? Anayetaka kubadilisha kisoma diski anataka kusoma diski, ile ya dukani, aliyoilipia.

Marekani wenyewe wamelikubali hilo nusunusu. Oktoba 2021 mamlaka ya hakimiliki huko iliruhusu mtu kuvuka kufuli la programu ili kutengeneza kisoma diski cha mashine ya gemu. Lakini ruhusa hiyo ni ya kufanya, haimruhusu mtu kukuuzia chombo cha kufanyia. Unaruhusiwa kuvuka mto, mtumbwi umepigwa marufuku. Minnesota na California zilipitisha mwaka 2023 sheria za haki ya kutengeneza, zinazowalazimu watengenezaji kutoa vipuri, vifaa na maelezo kwa wateja na mafundi wa nje, nazo zikaanza kazi Julai 2024. Ni sheria nzuri. Zote mbili zimeziacha nje mashine za gemu, kwa jina. Simu imo, kompyuta imo, mashine ya mtoto ya kuchezea imeachwa. Wenye kampuni walijua wapi pa kusimama mlangoni.

Sisi tutangoja nini? Bidhaa hizi hazitengenezwi hapa, zinaletwa, na kinacholetwa kinaweza kuwekewa masharti. Kila mwaka tunasikia habari za taka za kielektroniki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilihesabu tani milioni 62 duniani kwa mwaka 2022, na chini ya robo ndizo zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Wauza vyuma chakavu wa Ngamiani wanapita na mikokoteni kila asubuhi, na ninaona kinachopakiwa. Vingi viko katika hali ambayo fundi wa mwaka 1998 angevirudisha kazini kabla ya adhuhuri.

Mimi ningeanza na boksi. Mashine yoyote inayoingia nchini ikiwa na sehemu zilizofungwa kwa namba za siri, iandikwe hivyo nje, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: sehemu hii haiwezi kubadilishwa na fundi wa kawaida. Mnunuzi aone kabla ya kutoa pesa. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango hawahitaji maabara kwa jambo hilo, wanahitaji kuuliza swali tu kabla ya kontena kutoka bandarini.

Vyuo vya ufundi vya VETA navyo vipewe mashine za zamani. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya kale. Kijana akiijua Famicom kwa kidole na mita, akajua kwa nini volti 5 zimekuwa tatu na nusu, atakuwa na akili ya kuuliza maswali sahihi mbele ya bodi asiyoweza kuiona vizuri. Kuna watu wana mashine hizi darini, hawajui wazipeleke wapi. Wasiziuze kwa kilo. Na wasizichomeke kwanza kujaribu; wazilete na adapta zake.

La mwisho litawaudhi wenye kampuni kuliko yote. Siku kampuni inapotangaza kwamba haitengenezi tena mashine fulani, siku hiyohiyo itoe programu ya mwisho inayofungua yale makufuli, ili sehemu yoyote nzima ikubaliwe na bodi yoyote nzima, bila kuomba kibali mtandaoni. Watasema haiwezekani. Sony waliweza mwaka 2021, kwa programu moja, bila mtu kuifungua mashine hata skrubu. Nintendo waliweza mwaka 1993 kwa kuacha tu kuiweka chipu.